Mtaro Hauulizi Kadi ya Chama

Mazungumzo baada ya habari



Mazungumzo yetu ya leo yanaanzia Ntinda, katika Divisheni ya Nakawa, upande wa kaskazini-mashariki wa jiji la Kampala. Wengi wenu mnapajua. Kutoka Makao Makuu ya Polisi pale Naguru mtu hufika Ntinda kwa miguu kabla jua halijamchosha, na kutoka Mbuya si mbali pia. Ni mahali penye maduka na viwanda, shule, makanisa na misikiti, na nyumba za watu wa hali zote. Liko eneo liitwalo Kijiji cha Mawaziri, na si mbali na hapo wako watu waliopanga chumba kimoja, wakilipa kodi ya nyumba mwezi kwa mwezi kwa jasho lao. Barabara za kwenda Nakawa, Bukoto, Kisaasi na Kiwatule huonana hapo, na kila mmoja, mwenye gari na mwenye bodaboda, hutaka kupita wa kwanza.

Sasa inyeshe mvua kubwa saa kumi na moja jioni. Mitaro iliyojaa takataka hushindwa kumeza maji, maji hupanda barabarani, teksi husimama, bodaboda hupanda juu ya njia ya watembea kwa miguu, na mama aliyetandika nyanya zake chini huziokota moja moja kabla hazijaenda na mkondo. Hapo huitwa askari wa usalama barabarani. Afande huyo, akiwa na koti lake la mvua na filimbi, husimama katikati ya maji mpaka usiku ili watu wafike makwao. Hakuuchimba mtaro ule, wala hakuupangia fedha, wala hakuulizwa ulivyopaswa kuwa. Lakini uzito wake unamwangukia yeye.

Kumbukeni, wasikilizaji, kwamba kila baada ya miaka 5 kuta na nguzo za Ntinda hufunikwa kwa picha za wagombea. Magari ya vipaza sauti hupita, na kila mgombea husema atawaletea wananchi maendeleo. Swali tunalotaka kulitazama leo ni hili: je, katika majira hayo ya ahadi, jiji na halmashauri zetu zikae kimya zikingoja mshindi, au zimwendee kila mgombea wa taifa na kumwambia waziwazi, haya ndiyo mahitaji ya mji wetu, wewe unasemaje? Na je, jambo hilo lamhusu vipi mtu aliyevaa sare, ambaye kwa kazi yake hatakiwi kuwa mshabiki wa chama chochote?

Ili tulielewe swali hilo, yafaa kwanza tujue ufunguo wa kasha la fedha unakaa wapi.

Baada ya mwaka 1986 kulianzishwa mabaraza ya wananchi tangu kijijini hadi wilayani. Katika miaka ya tisini mabaraza hayo yakapewa nguvu zaidi. Katiba ya mwaka 1995 iliweka utaratibu wa madaraka kushuka kwa wananchi, na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 ikaeleza kazi za kila ngazi, kutoka baraza la kwanza la kijiji, ambalo sote twaliita LC ya kwanza, hadi baraza la tano la wilaya. Katiba ile ile ilisema kwamba kila serikali ya mtaa iwe na msingi madhubuti wa fedha, na katika kifungu cha 193 ikataja ruzuku za aina tatu zitokazo serikali kuu: ruzuku isiyo na masharti, ruzuku yenye masharti, na ruzuku ya kusawazisha sehemu zilizobaki nyuma.

Kwa upande wa Kampala mambo yalikwenda njia nyingine. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005 yalisema kwamba jiji kuu litasimamiwa na serikali kuu. Sheria ya Jiji Kuu la Kampala ikapitishwa mwaka 2010, na mwezi Machi mwaka 2011 Mamlaka ya Jiji Kuu ikachukua nafasi ya halmashauri ya zamani. Tangu hapo jiji lina Meya Mkuu anayechaguliwa na wananchi, na pia lina Mkurugenzi Mtendaji anayeteuliwa na Rais. Madiwani huchaguliwa, lakini fungu kubwa la fedha za barabara, mitaro na taa hutoka hazina ya taifa, ama katika mikopo ambayo serikali kuu huitia saini na Bunge huidhinisha.

Maana yake ni nini kwa mkazi wa Ntinda? Maana yake ni kwamba mwenyekiti wa LC ya kwanza aweza kumgongea mhuri barua ya utambulisho, aweza kusuluhisha ugomvi wa mpaka, aweza kuitisha mkutano chini ya mwembe. Hawezi kuchimba mtaro wa zege wa kilometa mbili. Diwani aweza kusema barazani mpaka sauti ikamkauka, lakini bajeti haimsikilizi mpaka wale wa juu wamemsikiliza. Kwa hiyo mtu asemaye kwamba mambo ya mji ni ya madiwani tu, na kwamba mgombea wa Bunge au wa Urais aulizwe mambo makubwa peke yake, huyo hajui nyumba yetu ilivyojengwa. Mtaro wa Ntinda nao ni jambo la taifa, kwa kuwa fedha zake ni za taifa.

Ndugu wasikilizaji, tuchukue mfano ambao baadhi yenu mliushika kwa mikono yenu wenyewe.

Jumamosi, tarehe 10 Agosti, 2024, jaa la takataka la Kiteezi, katika Wilaya ya Wakiso, liliporomoka baada ya mvua kubwa. Jaa hilo lilianza kupokea taka za Kampala mwaka 1996. Miaka ilipita, taka zikaongezeka, mlima ukapanda, na wataalamu wa jiji wakawa wanasema kwamba mahali pale pamejaa na kwamba pahitajika mahali pengine. Jiji lilikwisha kupata ardhi huko Ddundu, Wilaya ya Mukono, lakini kupata ardhi ni jambo moja na kupata fedha za kutengeneza jaa la kisasa ni jambo la pili. Mlima ule ulipoanguka ulizifunika nyumba na mifugo, na watu zaidi ya 30 walipoteza maisha yao, wakiwamo watoto.

Nani waliitwa? Waliitwa polisi, wakaitwa askari wa jeshi, wakaja na watu wa Msalaba Mwekundu. Kwa siku nyingi walichimba katika harufu ile na moshi ule, wakiwatafuta watu waliozikwa na takataka ambazo sisi sote wa mjini tulizitupa. Mwezi uliofuata Rais aliwaachisha kazi wakuu watatu wa Mamlaka ya Jiji. Adhabu ilitolewa, na sheria ilichukua mkondo wake. Lakini turudi nyuma tujiulize bila kumwonea mtu. Katika chaguzi zilizotangulia, ile ya mwaka 2011, ya 2016 na ya 2021, ni mikutano mingapi ya kampeni ambamo wananchi wa Kampala walimsimamisha mgombea wakamuuliza: Kiteezi kumejaa, taka zetu zitakwenda wapi, na fedha zitatoka fungu gani? Jambo lililokuwa likijulikana ofisini halikuwa limefikishwa jukwaani kwa uzito wake. Na jambo lisilofikishwa jukwaani huwa rahisi kuahirishwa.

Haukupita hata mwaka mmoja. Tarehe 26 Machi, 2025, mvua kubwa ilinyesha Kampala, mafuriko yakaziba barabara, yakaingia madukani, na watu wasiopungua 7 wakafa. Kwa mara nyingine vyombo vya usalama vilikuwa vya kwanza kuitwa.

Kwa hiyo afande anayesema, "Mambo ya mitaro si yangu, mimi kazi yangu ni ulinzi," tunamjibu kwa heshima kwamba mtaro usiochimbwa leo utamwita kesho, na huenda ukamwita usiku. Tena wengi wenu mnaishi ndani ya jiji hilo hilo. Katika kambi za polisi mnazikumbuka vizuri zile nyumba za mabati ya duara ambazo askari wenyewe walizibandika jina la "mama ingia pole", kwa jinsi mlango wake ulivyo mfupi. Mvua inaponyesha, maji ya mlimani hayatambui kwamba hapa ni kambi na pale ni uraiani. Mtoto wa askari hutembea barabara ile ile kwenda shule, na mke wa askari hununua sokoni pale pale. Na sehemu ya maji ya mvua ya upande wa Ntinda na Nakawa hushuka mpaka kinamasi cha Kinawataka, na kutoka huko huingia katika Ghuba ya Murchison ya Ziwa Viktoria, ghuba ambayo kwa miaka mingi mitambo ya Ggaba imekuwa ikivuta maji ya kunywa ya jiji. Mfuko wa plastiki uliotupwa Ntinda unaweza kurudi mezani kwako katika ankara ya maji, kwa sababu maji yakichafuka zaidi gharama ya kuyasafisha hupanda.

Hata hivyo, hatuwezi kusema kwamba kila ahadi ya mgombea kwa watu wa mji ni neema. Ziko ahadi ambazo mgombea huzitoa kwa mkono mmoja, na halmashauri huzilipa kwa mkono wa pili.

Watu wazima miongoni mwenu mnaikumbuka kodi ya kichwa, ile ambayo kwa Kiganda waliiita omusolo. Ilitozwa na serikali za mitaa, na katika wilaya nyingi ndiyo iliyokuwa nguzo ya mapato yake. Ilikuwa kodi iliyochukiwa. Mtu asiye na tikiti ya kodi alijificha migombani asubuhi na mapema, na askari wa tarafa walitumwa kuwasaka watu kama wahalifu. Walioifanya kazi hiyo wanajua ilivyowagombanisha na majirani zao. Katika kampeni ya mwaka 2001 kiwango cha chini cha kodi hiyo kilishushwa hadi shilingi 3,000. Mwaka 2005, miezi michache kabla ya uchaguzi wa Februari 2006, ikaondolewa kabisa.

Hapana shaka wananchi walishangilia, na walikuwa na sababu ya kushangilia. Lakini siku ile shangwe ilipokwisha, katibu wa halmashauri alifungua kasha akakuta tupu. Serikali kuu ilitoa fidia, nayo fidia haikufikia pengo lililoachwa. Mpaka mwaka 2008 ndipo ilipotungwa kodi nyingine ya huduma za mitaa pamoja na kodi ya hoteli, ambazo hazikuwa na upana wa ile ya kwanza. Halmashauri nyingi zikabaki zikitegemea ruzuku ya juu, na ruzuku nyingi huja ikiwa na masharti: hii ni ya mishahara ya walimu, hii ni ya dawa, usiiguse. Fedha ya kuamua wenyewe kwamba mwaka huu tunachimba mtaro huu ikawa adimu kama mvua ya Karamoja.

Funzo lake ni kwamba kodi mbaya yafaa kuondolewa, ila yule anayeahidi kuiondoa apaswa kuulizwa palepale jukwaani, mbele ya watu: pengo utaliziba kwa nini? Kama halmashauri za wakati ule zingekuwa zimekaa pamoja zikaandika swali hilo na kumpelekea kila mgombea bila ubaguzi, pengine kodi ingeondoka vilevile, lakini badala yake ingekuwa tayari mezani kabla tikiti ya mwisho haijachanwa.

Tuna mfano mwingine jirani kabisa na Ntinda. Nyumba za Naguru na Nakawa zilijengwa zama za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa mji. Mwaka 2007 serikali ilitia saini mkataba wa kujenga mji mpya mahali pale, na Julai mwaka 2011 wapangaji, zaidi ya familia 1,700, waliondolewa na nyumba zikabomolewa. Mpango kwenye karatasi ulikuwa mzuri: magorofa, maduka, na wapangaji wa zamani wafikiriwe kwanza. Miaka mingi ikapita na mji ule mpya haukusimama kama ulivyoahidiwa. Uamuzi ulikuwa wa juu. Waliosambaa kutafuta vyumba Ntinda, Banda na Kireka walikuwa ni watu wa chini. Na siku tingatinga linapofika, nani husimama kati ya tingatinga na mama mwenye godoro kichwani? Husimama polisi. Ahadi isiyo na tarehe wala fungu la fedha huishia mikononi mwa askari.

Sasa, je, wenzetu wamefanyaje?

Jirani zetu wa Tanzania walipitia mtihani mgumu. Mwaka 1972 walileta mpango wa Madaraka Mikoani, na serikali za mitaa zikavunjwa. Halmashauri za miji zilifuata mwaka 1974. Miji ikakosa mwenyewe. Mitaro ikaziba, taka zikarundikana, na katika miaka hiyo ya sabini kipindupindu kikaingia mijini. Mwaka 1978 sheria ikapitishwa kuzirudisha halmashauri za miji, mwaka 1982 zikatungwa sheria kamili za serikali za mitaa, na mwaka 1984 zikaanza kazi upya. Mwaka huohuo halmashauri hizo zikaunda jumuiya yao, ALAT, ili ziweze kusema kwa sauti moja. Tanzania iligharimika kujifunza kwamba mji usio na msemaji hupata ugonjwa.

Kenya nao, katika Katiba yao ya mwaka 2010, waliandika kwamba kaunti 47 zitapata kwa pamoja si chini ya asilimia 15 ya mapato yanayokusanywa na serikali ya taifa. Tangu magavana wa kwanza walipochaguliwa mwaka 2013, ugomvi juu ya kiasi cha fedha haukwisha, lakini ni ugomvi wenye kipimo. Mgombea wa taifa hawezi kusema tu, "Nitazisaidia kaunti." Ataulizwa: kwa asilimia ngapi?

Na mbali huko Kanada, miji ina shirikisho lake, ambalo kila uchaguzi wa taifa huandika mahitaji ya miji na kuvitaka vyama vyote vijibu. Mameya wa huko walidai kwa muda mrefu kwamba, kwa kuwa magari yanaharibu barabara za miji, sehemu ya kodi ya petroli irudi mijini. Katika uchaguzi wa mwaka 2004 jambo hilo likawa ahadi ya Waziri Mkuu Paul Martin. Bajeti ya mwaka 2005 ikaliwekea dola bilioni 5 kwa miaka 5. Na mwaka 2011 chama kingine kikiwa madarakani fungu hilo likafanywa kuwa la kudumu kwa sheria. Zingatieni hapo, ndugu wasikilizaji. Aliyeahidi aliondoka, chama kikabadilika, lakini fedha za miji hazikuondoka, kwa sababu dai lilikuwa la miji yote na lilipelekwa kwa vyama vyote.

Mwenye bodaboda wa steji ya Ntinda naye, kila anapojaza petroli, hulipa kodi ndani ya bei ya lita ile. Akiuliza ni senti ngapi zinazorudi kuziba shimo linalomvunjia gurudumu, si uchochezi. Ni swali la mlipa kodi.

Wako watakaosema, "Lakini halmashauri ikimwendea mgombea, si itakuwa imejiingiza katika siasa za vyama?" Hofu hiyo ina msingi, wala hatuipuuzi. Ofisi ya umma haina haki ya kumpigia debe mgombea. Gari la halmashauri lisibebe bendera ya chama, na mtumishi wa jiji asigeuke kuwa mpiga ngoma wa mtu. Lakini ipo njia iliyo safi. Baraza likae, likubaliane, liandike karatasi moja. Karatasi hiyo hiyo, bila kubadilishwa nukta, apelekewe mgombea wa chama tawala, apelekewe mgombea wa upinzani, na apelekewe mgombea asiye na chama. Majibu yao yabandikwe yote pamoja mahali pa wazi, yasomwe redioni kwa muda ulio sawa. Hapo hakuna aliyependelewa.

Karatasi hiyo iwe fupi. Orodha ya mambo hamsini ni sawa na kutoomba kitu. Ntinda na Divisheni ya Nakawa, kwa mfano, zaweza kusema mambo matatu tu: mitaro na ulinzi wa kinamasi cha Kinawataka; mahali na utaratibu wa takataka; na barabara za kutoka Ntinda kwenda Kiwatule na Kisaasi, pamoja na njia za waendao kwa miguu. Kila jambo liandikwe gharama yake, nani ataitekeleza kazi, na mwaka gani itakwisha. Mgombea akijibu "nitalishughulikia", hilo si jibu. Akijibu "katika bajeti ya mwaka wangu wa pili, kwa fungu hili", hapo tuna kitu cha kumdai. Ahadi ni deni, na deni huandikwa.

Tena karatasi hiyo isikome kwenye mpaka. Kutoka Ntinda ukishuka Kiwatule na kuelekea Najjera umekwisha kuingia Manispaa ya Kira, Wilaya ya Wakiso, na maji na magari hayajui bango la mpaka liko wapi. Ndiyo sababu mpango wa maendeleo ya Kampala na viunga vyake, uliokubaliwa na Benki ya Dunia mwaka 2022 kwa dola milioni 566, ulizikusanya pamoja serikali za mitaa 9, kuanzia Kampala hadi Entebbe, Mukono na Mpigi. Kama zaweza kukaa meza moja kwa ajili ya mkopo, zaweza pia kukaa meza moja kwa ajili ya kuwauliza wagombea.

Lakini anayekwenda kudai naye awe amefagia ua wake. Wote twakumbuka miaka iliyofuata 2011, Meya Mkuu Erias Lukwago na Mkurugenzi Mtendaji Jennifer Musisi wakivutana, mambo ya Ukumbi wa Jiji yakapelekwa mahakamani, na polisi wakiitwa kulinda mikutano ya baraza. Hatuko hapa kupima nani alikuwa na haki. Tunasema tu kwamba nyumba yenye ugomvi ikituma wajumbe wawili wenye maneno mawili, mgombea huchagua neno lililo rahisi kwake. Na sisi wakazi nasi tusijitoe. Mtaro uliochimbwa kwa mabilioni huzibwa na mtu mmoja mmoja, kila jioni, kwa mfuko mmoja mmoja.

Sasa tuwageukie nyinyi, maafande na askari.

Katiba yetu, katika kifungu cha 208, yasema kwamba Jeshi la Ulinzi la Wananchi wa Uganda lisiwe la upande wa chama, liwe la kitaifa, lenye nidhamu na lenye kutii mamlaka ya kiraia. Polisi naye, kwa kiapo chake, humtumikia kila raia. Kwa hiyo hatuwaambii mmwunge mkono fulani au mumkatae fulani. Asemaye hivyo kwenu akiwa amevaa sare au akizungumza na mvaa sare, hawatakii mema.

Lakini askari ni raia na ana kura yake. Siku ya kupiga kura husimama mstarini kama mtu yeyote, na akiwa na karatasi yake ya kura hana cheo. Ana haki ya kujua kila mgombea alijibu nini juu ya mji anamoishi na watoto wake, na kuamua kwa moyo wake mwenyewe.

Liko jambo la pili, na hili ni la kazi yenu kabisa. Wakazi watakapoitisha mkutano wa kuwauliza wagombea maswali ya mitaro na taka, mkutano huo ulindwe, na ulindwe sawasawa kwa wote. Swali la mama wa sokoni lisichukuliwe kuwa fujo. Ukali wa swali si jiwe. Mji ambamo watu waweza kuuliza mchana, hauna haja ya kupiga kelele usiku, na hilo ni nafuu kwa askari kuliko kwa mtu mwingine yeyote.

Na jambo la tatu. Hakuna anayezijua sehemu mbaya za mji kama nyinyi. Askari wa doria anajua ni kona gani gari la wagonjwa hukwama mvua ikinyesha. Askari wa barabarani anajua ni shimo gani huangusha bodaboda kila wiki. Mambo hayo yamo katika vitabu vyenu vya matukio. Wakuu wa vituo, kwa njia zilizowekwa na sheria, wanaweza kuwapa madiwani na wahandisi wa jiji hesabu hizo, ili karatasi ya mahitaji iwe na ushahidi ndani yake. Huko si kufanya siasa. Ni kuokoa maisha kabla ya kuitwa kuyatafuta chini ya kifusi.

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kiteezi ufa ulionekana miaka mingi, nasi tukajenga makaburi. Ntinda ufa unaonekana kila mvua inyeshapo. Wagombea watakuja na wataondoka. Picha zao zitalowa, zitanyauka na kubandikwa nyingine juu yake. Mtaro utabaki palepale, na hauulizi mtu kadi ya chama kabla haujafurika. Ni juu ya miji yetu kuamua kama itaendelea kungoja hisani ya mshindi, ama itawaendea wote mapema ikiwa na karatasi moja, sauti moja na hesabu zilizo wazi.

Kwenu mlio zamu usiku huu, tunawatakia lindo jema na alfajiri ya salama. Na askari yule aliyesimama njia panda ya Ntinda, maji yakiwa yamempita viatu, tunamwambia: pole kwa kazi, afande.